Kamba Iliyonyooshwa

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana mimi mwenyewe nilikuwepo na meno yangu yote yalikuwa kinywani, palikuwa na kijiji kikiitwa Igombelo, ndani kabisa ya misitu ya miombo, na watu wake waliishi kwa asali na nta. Kaeni vizuri. Hadithi hii sina raha nayo. Lakini nikiikatisha njiani mtaninunia, kwa hiyo nitaisema yote, kisha mzigo wake nitawaachia ninyi.

Igombelo alikuwepo mkunga, Bibi Kalunde. Hakujua kusoma wala kuandika, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alichokuwa nacho ni kamba. Kamba ya gome la mti, ndefu, imezungushwa kwenye kigingi juu ya kitanda chake. Kila alipozalisha alifunga fundo. Mtoto wa kike, fundo moja. Mtoto wa kiume, fundo juu ya fundo. Ndani ya kila fundo alitia unywele wa mtoto, na kila fundo alilifunga kwa namna yake, ili vidole vipate kulijua. Asubuhi, kabla watu hawajaamka, alikaa mlangoni akaipitisha kamba mikononi. Fundo, jina. Fundo, jina. Fundo, jina. Mimi pia nilikuwa fundo. Bibi aliniambia langu lilikuwa limelegea kidogo kwa sababu siku niliyozaliwa mvua ilinyesha na mikono yake ililowa. Nilikuwa napenda sana kuambiwa hivyo.

Sasa sikilizeni desturi ya Igombelo, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Mtoto aliyekufa kabla kitovu hakijakatika hakuwekewa matanga. Wanawake walimzika nyuma ya nyumba, chini ya mchirizi wa paa. Mkunga peke yake alimpa jina, akalifunga kwenye kamba, na fundo hilo alipolifikia asubuhi alilitaja moyoni, midomo imefungwa. Mama hakuambiwa. Walisema mama akilijua jina ataliita, na akiliita, atakayekuja tumboni baadaye ataitika yeye na kufuata njia ileile. Kwa hiyo mama alisubiri. Alisubiri mpaka umri wa kuzaa umpite, mwaka mzima ujae bila kuona damu. Hapo ndipo mkunga alimwita, akamshikisha fundo, akamtajia. Tangu siku hiyo mwanamke yule aliitwa kwa jina la mwanawe, hata kama mwana huyo aliishi asubuhi moja tu.

Na alikuwepo mwanamke aitwaye Mwashi. Mwashi alizaa mara tatu. Mara tatu alikwenda Bibi Kalunde, mara tatu lilifungwa fundo, mara tatu likachimbwa shimo chini ya mchirizi. Wenzake wa rika moja walikuwa Mama Kulwa, Mama Maganga, Mama Nkamba. Yeye alikuwa Mwashi. Harusini, wapishi walipopangiwa kazi kwa majina ya watoto wao, yeye alipangiwa kwa jina alilopewa na baba yake, na mvi anazo. Hakulalamika. Kila Ijumaa alimpelekea Bibi Kalunde mzigo wa kuni na kibuyu cha asali, akakaa naye mpaka jua lipinduke, wakazungumza habari za nyuki na za wakwe, asiulize kitu.

Mwaka ule damu yake ilipokatika alikwenda akasema, "Bibi, nadhani imeisha."

Bibi Kalunde akamwambia, "Subiri, mwanangu. Mwaka ujae."

"Nimesubiri miaka ishirini na sita. Mwaka mmoja ni nini?" akasema Mwashi, akaenda zake.

Basi. Igombelo alikuwepo pia Mwalimu Mihambo. Amestaafu, na mtu aliyezoea kupiga kengele akistaafu hupata shida, atatafuta tu kitu cha kukipanga. Mwalimu akaomba ghala la zamani la chama cha ushirika, lile la kuhifadhia nta, akalipaka chokaa, akatangaza: kila nyumba ilete kitu kimoja cha kale, kisichonunuliwa jana, tufanye maonyesho ya maisha yetu, watoto wajue walikotoka. Watu wakacheka, lakini wakaleta. Ililetwa mizinga ya gome. Zililetwa pasi za mkaa, koroboi, redio ya mbao isiyo na tumbo, kinu kilichotoboka kitako. Mzee mmoja alileta kufuli lisilo na ufunguo, akasema ndilo lililofunga sanduku la mahari ya mama yake. Mwashi alileta mbeleko. Mwalimu akaandika kikaratasi akakibandika: "Mbeleko. Imetumika kidogo." Hakukusudia ubaya. Aliitazama tu, akaona haijachakaa.

Siku hizo Bibi Kalunde alikuwa amepelekwa mjini na mwanawe kutolewa mtoto wa jicho. Nyumbani alibaki mjukuu wake Limi, msichana mwari wa miaka kumi na sita. Limi aliona nyumba zote zimepeleka kitu, nyumba ya bibi yake haijapeleka. Akaona haya. Akaona bibi yake ndiye aliyepokea kijiji kizima kwa mikono yake, halafu jina lake lisiwepo ghalani. Akaishusha kamba kwenye kigingi akaipeleka, bila kutuma hata salamu mjini kuomba ruhusa.

Pale mezani walikaa wanaume wanne, wanapokea na kuandika. Mmoja akamuuliza, "Hii kamba ni ya nini, binti?"

Limi akatazama chini. Kwetu habari za uzazi hazisemwi na mwari mbele ya wanaume. Angesema nini? Akasema, "Ni kamba ya kupandishia mizinga."

Wakaandika: kamba ya mizinga. Wakaitupa kwenye rundo la vitu vya kusafishwa.

Na kusafisha ilikuwa kazi ya Shija. Huyu Shija alikuwa ameolewa miaka tisa na hajashika mimba hata ya kuharibika. Mwanamke mpole, mchapakazi, vyombo vya watu alivisugua kwa majivu mpaka vikamtia aibu mwenye navyo. Akaichukua kamba. Ile ya Bibi Kalunde hakuwahi kuiona, maana huonyeshwa waliozaa tu. Akaona mafundo. Akaona nywele ndani ya mafundo. Akaiweka chini upesi.

Maana Igombelo kila mtu alijua hivi: anayetaka kufunga tumbo la mwanamke hufunga fundo lenye unywele. Na kila mtu alijua dawa yake: ukilikuta fundo la namna hiyo, lifungue, wala usiulize ni la nani, kwa sababu kuuliza ni kumtuhumu mtu. Na hii ni kamba ya mizinga, wameandika wenyewe. Kamba ya mizinga haina kazi ya mafundo, sembuse nywele. Shija akaona kwamba mkononi ameshika matumbo ya wanawake wote wa Igombelo, na lake limo.

Akatawadha. Akakaa. Akafungua. Fundo moja, dua. Fundo la pili, dua. Siku mbili alifungua, kucha zikamtoka damu. Nywele akazikusanya akazichoma. Kisha akailoweka kamba mtoni, akaipiga juu ya jiwe, akaivuta na kuifunga kati ya miti miwili mpaka ikanyooka. Akaitundika ghalani, safi, nzuri, ndefu. Hakumwambia mtu. Wema wa namna ile hautangazwi.

Mwezi ukapita, na nusu ya pili. Siku ya ufunguzi ikafika.

Bibi Kalunde alirudi siku hiyohiyo. Macho yamesafishwa, anaona mpaka chungu anayetembea ukutani. Tulimpokea kwa vigelegele, akawa anatuangalia mmoja mmoja na kucheka. Akaniambia, "Kumbe una sura ya babu yako, pole." Akaingia ghalani ameshikwa mkono na Mwashi. Mwashi alikuwa amevaa nguo zake nzuri, maana mwaka ulikuwa umebakiza wiki tatu kujaa.

Limi akasema, "Bibi, njoo uone. Na chako kipo."

Bibi akaitazama kamba. Akasema, "Hii nini?"

"Kamba yako, bibi."

Bibi akacheka. Kisha akafumba yale macho mapya, akanyoosha mkono, akaishika. Akapitisha vidole. Vikateleza. Akapitisha tena kutoka mwanzo. Vikateleza mpaka mwisho. 

"Limi," akasema, "watu wangu wako wapi?"

Sitawaeleza kilio cha Mwashi, kwa sababu hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Bibi, huwakumbuki bila kamba?"

Bibi Kalunde akasema, "Walio hai nitawakumbuka, nitawaona nyuso zao. Hao wako watatu hawakufumbua hata macho nikawatazama. Nilikuwa nao hapa," akainua vidole vyake, "na hapa hawapo tena."

Mwashi akamgeukia Limi. "Wewe ulikuwa unamsikia kila asubuhi."

"Kwenye hayo alikuwa anafumba mdomo, mama," akasema Limi, na machozi yakamtiririka.

Nawaambia ukweli, mimi nilitoka nje. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, na nililia nyuma ya ghala kwa ajili ya fundo langu lililolegea. Halafu nikaona aibu, kwa sababu mimi jina langu ninalo.

Igombelo, mwenye machungu hupewa siku saba. Siku ya saba waliomkosea humwendea nyumbani, na yeye akikubali huchota maji kwa kata, huyajaza kinywani, humpulizia kifuani yule aliyemkosea, na mambo yameisha. Asiyepuliziwa hasogei tena kwenye moto wa mwenye machungu. Hamwombi kaa la moto, hamsalimii, na mmoja wao akifa mwenzake hamziki. Ndivyo ilivyo. Siku ya saba tukajaa uani kwa Mwashi, na waliokuja kupiga magoti walikuwa wanne.

Wa kwanza alisema Mwalimu Mihambo. Alisema, "Mwashi, kamba hii ilifunguliwa na uvivu wangu. Misimu miwili ya asali iliyopita Bibi aliniita. Akaniambia vidole vinakakamaa, njoo na daftari, nikutajie wote, walio hai na wasio hai, uandike ufunge bahasha. Nikamuuliza kama inafaa, mimi mwanamume. Akasema kalamu haina jinsia. Nikasema nitakuja. Nilikwenda kutafuta kigoda cha mtemi, nilikwenda wilaya ya pili kutafuta ngoma ya vita. Kwa Bibi ni hatua mia mbili kutoka kwangu. Niliona kamba ya mwanamke inaweza kungoja. Siku ile ghalani niliiona imenyooka, nikashuku ni ya Bibi, nikapita. Mimi ndiye pekee niliyejua kwamba majina hayajaandikwa popote, na nilipita. Mimi ni mzee, sina muda mrefu wa kubeba jambo hili, na sitaki kufa nalo."

Wa pili alisema Limi. Alisema, "Mama, kamba hii ilifunguliwa na ulimi wangu. Niliichukua bila ruhusa. Nikasema ni ya mizinga kwa kuona haya. Neno moja tu lingetosha, ningesema ni ya uzazi wangecheka kidogo wakanirudishia. Mimi ndiye niliyekuwa nijifunze kamba hiyo baada ya bibi. Usiponipulizia, nitaishi miaka yangu yote kando ya uzio wako bila kukusalimia. Nina miaka kumi na sita."

Akaishia hapo.

Wa tatu alisema Shija.  Alisema, "Dada Mwashi, kamba hii ilifunguliwa na vidole vyangu, vyenyewe hivi. Wenzangu wote ni maneno, mimi ndiye niliyefanya kazi. Kila fundo nililiombea. Hata ya wanao niliyaombea, sijui yalikuwa yapi. Na sasa nitasema jambo, mnisikie kabla hamjanipiga. Mwezi huu sikuona damu, na uliopita sikuona. Miaka tisa. Unataka nijute. Ninajuta usiku na mchana kwa ajili yako. Lakini siwezi kusema ningerudi nyuma nisingeifungua. Nikisema hivyo nitakuwa namkana huyu aliye ndani. Na unajua desturi, dada. Mwanamke akienda kujifungua huku mtu ana kinyongo naye, mtoto hakai. Wewe unajua kuliko wote."

Watu wakaguna. Mama mmoja akasema pale pale kwamba huyo aondoke. Mwashi akainua mkono, wakanyamaza.

Tulidhani wameisha. Bibi Kalunde yeye tulidhani amekuja kumsindikiza mjukuu wake. Lakini naye akapiga magoti, kwa taabu, akishikilia fimbo.

Akasema, "Mwashi, hawa watatu wamefungua kamba. Mimi nilikufungia mlango. Ulipokuja kuniambia imeisha, ningeweza kukutajia siku ileile. Mkono wangu ulikuwa umeshika magoti yako mara tatu, nilijua umekauka, sikuhitaji mwaka. Wengine nimewatajia baada ya miezi miwili, waulize. Wewe nilikwambia usubiri."

Mwashi akauliza taratibu, "Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu ya Ijumaa," akasema Bibi. "Wale wengine, nilipowatajia, walikwenda na majina yao, hawakurudi tena. Mkunga aliyemaliza kazi ni nani? Kila Ijumaa wewe ulikuja, ukakaa. Niliogopa nikikupa watoto wako hutakuja tena kuniona. Niliwashika ili nikushike wewe. Nilisema desturi, nikajificha nyuma yake."

Hapo Mwashi alilia. Mara ya kwanza tangu siku ya ghala. Alisema, "Bibi, ningekuja. Hata ungenitajia, ningekuja."

"Sasa najua," akasema Bibi Kalunde.

Wazee wetu walitaka yaishe upesi, kama kawaida ya wazee pale machungu yanapokuwa ya mtu mwingine. Mmoja akamletea Mwashi kata ya maji, akasema, "Mama, wapulizie wote wanne, tuondoke. Kosa lilikuwa la bahati mbaya."

Mwashi akaipokea kata. Akasema, "Mnaniita mama leo? Mama nani?"



Akasema, "Mnataka nipulize mara nne. Nimejipima siku saba. Asubuhi nilisema nitawapulizia wote, jioni nikasema sitampulizia yeyote. Nimejipima tena alfajiri ya leo, na nimekuta kifuani nina pumzi ya mtu mmoja. Nikipuliza ya pili, yatakuwa maji tu, nitakuwa nawadanganya. Basi mmoja nitampulizia kwa moyo wangu wote, na hatanisikia nikilitaja jambo hili mpaka naingia kaburini. Watatu waende, na moto wangu wasiusogelee."

Mwalimu akavua kofia. Limi akamshika bibi yake mkono, bibi yake akautoa mkono ule polepole, akauweka juu ya goti la mjukuu wake. Shija akafunua kifua na kufumba macho, mkono mmoja tumboni. Mwashi akainua kata, akatia maji kinywani, mashavu yakajaa. Akasimama mbele yao. Akamtazama mwalimu aliyejua na akapita. Akamtazama msichana aliyesema neno moja la uongo kwa haya. Akamtazama mwanamke aliyefungua kwa wema, na asiyeweza kujuta kikamilifu. Akamtazama ajuza aliyemnyima watoto wake kwa kumpenda.

Nimeulizwa mara nyingi alimpulizia nani. Nilikuwepo, niliona, na siwaambii, kwa sababu kila niliyemwambia alisema "afadhali" au alisema "hapana," akaenda kulala. Ninyi hamlali bado. Mwanamke amesimama, kinywa kimejaa maji, hawezi kuwauliza mwenyewe, basi mimi namuulizia: mkunga, mwalimu, mwari na mwenye mimba, je, nani kati yao alistahili maji yale?